Storey wa Amani na virusi ambavyo hakuwahi kuviona

Mkuu wa Kitivo, walimu, ndugu wanafunzi, itifaki imezingatiwa.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie maisha ya mtafiti wa biolojia ya molekuli na virusi vya mimea. Nadhani mlitegemea nisimulie yangu. Yangu hayajaisha, na sehemu kubwa ni kuandika maombi ya fedha na kusubiri kemikali zitoke bandarini. Nimeona bora nichukue maisha ya mtu ambaye kazi yake imekwisha, tuigeuze huku na huku bila mwenyewe kubisha. Huyo ni Harold Haydon Storey, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1894 na kufariki 1969. Miaka yake mingi ya kazi aliipitisha Amani, kule Usambara Mashariki juu ya Muheza, kisha Muguga, nje kidogo ya Nairobi.

Mtauliza Storey na molekuli wapi na wapi. Kweli, hakuwahi kusoma hata herufi moja ya DNA ya kirusi. Virusi vya mahindi na vya muhogo alivyovishughulikia maisha yake yote hakuwahi hata kuviona; vilisafishwa na kutazamwa vizuri kwa darubini ya elektroni miaka ya 1970, yeye yuko kaburini. Lakini karibu kila swali tunalolijibu leo kwa mashine za bei mbaya, yeye alishaliuliza, na mengine alishayajibu kwa sindano na vizimba vya wadudu. Hoja yangu leo ni moja. Storey alifika mbali kwa sababu kirusi, mdudu na mmea aliviangalia kwa pamoja. Sisi tuna vifaa vya kuvitenganisha, basi tunavitenganisha, na mara nyingine mkulima ndiye anayelipa gharama.

Nianze na mahindi, maana ndiko alikoanzia.

Ugonjwa wa milia mnaujua: jani la mahindi linapigwa mistari myembamba myeupe-manjano inayofuata mishipa, mmea unadumaa, na kama uliugua mchanga hupati gunzi la maana. Mwaka 1901 mtaalamu mmoja wa Natal, Claude Fuller, aliueleza ugonjwa huu na akadhani chanzo ni udongo kupungukiwa na kitu. Si dhana ya kijinga. Jani likiwa la njano, mtu yeyote aliyesoma kilimo anafikiria mbolea kwanza. Storey alipofika Afrika Kusini miaka ya 1920 aliufuata ugonjwa huo, na kufikia 1924 na 1925 alikuwa ameonyesha kwamba unabebwa na kidudu cha milimita tatu hivi, kinachofyonza utomvu wa majani na kuruka ukikigusa. Leo tunakiita Cicadulina mbila. Hakikuwa kisa cha udongo, ilikuwa ni kirusi.

Hapo wengi wangeishia. Mdudu kapatikana, makala imechapishwa, cheo kimepanda. Lakini Storey alikuwa ameona jambo linalosumbua: si kila kidudu cha aina hiyo kinaambukiza. Unachukua viwili vinavyofanana, unaviweka siku hizohizo juu ya mmea uleule mgonjwa, kisha unavihamishia kila kimoja kwenye mche wake mzima. Kimoja kinaambukiza na kingine hakiambukizi, hata ukirudia. Mtafiti mvivu angesema ni bahati ya jaribio, akachukua wastani. Yeye alihamia Amani mwaka 1928 na swali hilo akalibeba.

Sasa sikilizeni alivyofanya, maana hapa ndipo ninapowaomba mtulie. Alivitenga vidudu vinavyoambukiza na visivyoambukiza, akavizalisha mbalimbali hadi akapata koo mbili: moja inaambukiza, nyingine haiambukizi. Kisha akavipandisha. Alipochukua dume la ukoo unaoambukiza na jike la ukoo usioambukiza, watoto majike wote waliambukiza na madume hawakuambukiza. Nyinyi mliofaulu jenetiki mmeshajibu mioyoni. Dume la kidudu hiki lina kromosomu X moja tu, na hiyo linawapa mabinti. Watoto wa kiume X yao inatoka kwa mama. Kwa hiyo uwezo wa kuambukiza ni jeni iliyoko kwenye X, tena jeni yenye nguvu, nakala moja inatosha. Makala ilitoka 1932. Fikirini hali ilivyokuwa: hakuna anayejua kirusi ni kitu gani hasa, hakuna anayejua jeni imetengenezwa na nini, na mtu yuko msituni Usambara anaonyesha kwamba kupokea kirusi au kukikataa ni suala la urithi wa mdudu mwenyewe.

Mwaka uliofuata akauliza: huyu asiyeambukiza anakwamia wapi? Kirusi anakinywa pamoja na utomvu kama mwenzake. Storey akachukua sindano nyembamba sana, akamtoboa mdudu tumboni kiasi cha kupenya ukuta wa utumbo. Mdudu wa milimita tatu, tena ilibidi abaki hai ili akafyonze jani lingine! Wengi walikufa, bila shaka. Waliopona wakaanza kuambukiza. Maana yake ni kwamba kirusi kilikuwa kinafika utumboni na kukwama hapo. Ukuta ukitobolewa kinaingia kwenye damu ya mdudu, kinakwenda kwenye tezi za mate, na safari inayofuata ni jani jipya. Kizuizi ni utumbo. Leo vijana wetu wanatafuta ni protini ipi ya ukuta huo inayokipokea kirusi na ipi ya gamba la kirusi inayoishika. Wanatumia kingamwili zinazong'aa na darubini za leza. Kazi nzuri sana, na mlango wanaougonga ni uleule uliotobolewa kwa sindano mwaka 1933.

Kuna kisa kingine cha mwaka huohuo wa 1933 ambacho huwa nakipenda kwa sababu kinakwenda kinyume. Kule Nyasaland, Malawi ya leo, mashamba ya chai yalikuwa na ugonjwa wa majani kuwa manjano. Storey, ambaye jina lake lilishajengwa na virusi, alifanya kazi na R. Leach, wakaonyesha kwamba si virusi wala kuvu. Michai ilikosa salfa. Fuller aliona kirusi akadhani ni udongo, na mtaalamu wa virusi akaona udongo akasema ni udongo. Ninakileta kwa sababu siku hizi nikipokea sampuli ya jani la njano kutoka kwa mwanafunzi, tayari ameshaagiza kemikali za kutafuta virusi kabla hajauliza shamba liliwekwa mbolea gani.

Tuje kwenye muhogo.

Mwaka 1894, mwaka uleule aliozaliwa Storey, Mjerumani Otto Warburg aliandika kuhusu ugonjwa wa muhogo huko Usambara, majani yanakunjamana na kuwa na mabaka. Ndiyo batobato. Ni maelezo ya kwanza ya ugonjwa huo kuandikwa popote. Miaka minane baadaye Wajerumani walifungua kituo cha utafiti Amani. Waingereza wakakirithi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na miaka ya 1930 batobato ilikuwa imeenea kiasi cha kutisha chakula cha pwani na bara. Storey na R. F. W. Nichols wakaishika kazi. Mwaka 1938 walieleza jinsi inzi weupe, vidudu vidogo vinavyofyonza majani, wanavyoueneza ugonjwa, na wakaona jambo ambalo mkulima makini atalithibitisha: inzi wanaambukiza kupitia majani machanga. Majani yaliyokomaa hayapokei.

Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1936, Storey alikuwa ameutaja kwa mara ya kwanza ugonjwa mwingine tofauti, ule wa michirizi ya kahawia. Huu ni mjanja. Majani yanaweza kuwa na unjano hafifu kando ya mishipa ambao ukipita haraka huuoni, shamba linapendeza, mwenye shamba anatamba. Siku ya kuvuna anakata kiazi cha muhogo na ndani anakuta sehemu kavu za rangi ya kahawia, ngumu kama gome. Hailiwi, haiuziki, hata ng'ombe anaisusa. Storey aliuona huo ugonjwa kwa sababu ya mahali alipokuwa. Pwani yetu ilikuwa na yote mawili, batobato na michirizi, mara nyingi kwenye shamba moja.

Dawa ya kupulizia hakuna, mpaka leo hakuna. Kwa hiyo Amani ikaingia kwenye uzalishaji wa mbegu. Walitafuta kinga kwa ndugu wa muhogo, na aliyewasaidia zaidi ni mti wa mpira wa Ceará, Manihot glaziovii, ambao Wajerumani waliupanda kwa ajili ya utomvu. Watu wa Tanga, Pemba na Dar es Salaam mnaujua kwenye sufuria: kisamvu cha mpira. Nichols aliupandisha na muhogo, akapata watoto wenye kinga lakini mizizi yao haikufaa kitu. Akawarudisha kwa muhogo, kizazi baada ya kizazi, hadi mizizi ikaanza kunenepa huku kinga ikibaki. Baada yake D. L. Jennings akaendeleza. Walichagua dhidi ya magonjwa mawili kwa wakati mmoja, si kwa sera yoyote iliyoandikwa ofisini, bali kwa sababu shamba halikuwapa nafasi ya kuchagua moja.

Hapa niseme jambo la pembeni. Juu ya makala hizo mnasoma Storey. Storey na Nichols. Baadaye Storey na Howland. Vizimba vya wadudu vililishwa kila siku, maelfu ya miche ya muhogo ilipandwa, ikapaliliwa na kukaguliwa jani kwa jani na watu wa vijiji vya Usambara. Majina yao hayamo. Mtu aliyekuwa akiitambua michirizi ya kahawia kwa kuitupia jicho jani, bila mashine, alikuwa mtaalamu, hata kama daftari la mshahara lilimwita kibarua. Nyinyi mtakaoandika makala kesho, kumbukeni nani alikuwa shambani.

Mwaka 1957 mpango wa muhogo wa Amani ulisimamishwa. Utafiti wa kilimo ulishahamia Muguga, na Amani ikawa kituo cha malaria. Storey mwenyewe, ambaye alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London mwaka 1946, alikuwa Muguga akipambana na kutu ya mahindi, ugonjwa wa kuvu uliotoka Amerika. Yeye na Howland walionyesha mwaka 1957 kwamba kinga dhidi ya kutu hiyo inarithiwa kwa jeni zinazofuatilika. Mwaka 1967, imebaki kama miaka miwili ya maisha yake, walichapisha urithi wa kinga ya mahindi dhidi ya milia. Alimalizia kwenye ugonjwa uleule aliouanza Durban. Safari hii aliutazama kutoka upande wa mmea.

Na ile miche ya Amani je? Hapa ndipo hadithi inapokuwa ndefu kuliko kazi ya mtu mmoja.

Kabla mpango haujafungwa, mbegu za chotara mmoja, namba 5318/34, zilipelekwa Ibadan, Nigeria. Huko ukachaguliwa mmea ulioitwa 58308. Taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki iliyoko hukohuko Ibadan, IITA, ilipoanza kuzalisha muhogo miaka ya 1970, mmea huo ulikuwa miongoni mwa wazazi wakuu wa aina zake zinazostahimili batobato, zile zenye majina yanayoanza na TMS. Nigeria haina michirizi ya kahawia. Kwa hiyo kwa miongo kadhaa uteuzi ulifanywa dhidi ya adui mmoja tu.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali ikalipuka Uganda. Mashamba yalikwisha, watu wakakaa na njaa, wengine wakaacha kabisa kulima muhogo. Sasa biolojia ya molekuli ilikuwa imefika. Tangu 1983 John Stanley na Gay walikuwa wameshasoma herufi zote za kirusi kimoja cha batobato: pete mbili za DNA, kila moja na herufi zipatazo 2,700. Mwaka 1997 makundi mawili ya watafiti yalionyesha kilichotokea Uganda. Virusi viwili tofauti viliingia kwenye mmea mmoja, na katikati ya jeni ya gamba ya kimoja kukaingizwa kipande cha kingine, kama fundi cherehani aliyekata katikati ya kanzu akatia kiraka cha kitambaa cha mtu mwingine, na kanzu ikawa imara kuliko zote mbili. Miaka michache baadaye Mtanzania Joseph Ndunguru na wenzake walipima virusi vya batobato nchi nzima. Makala yao ya 2005 ilionyesha kwamba Afrika Mashariki ndiko kwenye wingi na mchanganyiko mkubwa wa virusi hivi. Tuseme hapa kwetu ndiko vinakochanganya karata.

Uganda ilijibu kwa kuleta aina za TMS. Mnamo 1993 zilitolewa kwa majina ya Nase 1, 2 na 3. Damu ya Amani ilikuwa imezunguka hadi Ibadan na kurudi ukanda wa Ziwa Viktoria. Batobato ikarudi nyuma. Watu wakala muhogo tena. Ushindi wa kweli, na sipendi mtu aubeze.

Kisha, mwaka 2004, wataalamu wa Uganda, Titus Alicai akiwemo, wakakuta michirizi ya kahawia kwenye mashamba yaliyo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Vitabu vyote vilikuwa vinasema ugonjwa huo ni wa pwani na mabonde ya chini. Nyingi ya aina zilizosambazwa kuzuia batobato hazikuwa na kinga dhidi ya michirizi, na zilikuwa zimeshapandwa kila mahali. Inzi weupe wenyewe walikuwa wameongezeka mno. Mwaka 2005 ndipo ikathibitishwa kwa majaribio kwamba hao hao ndio wanaobeba na kirusi cha michirizi, ingawa wanakaa nacho muda mfupi. Safari zake ndefu anambebea mwanadamu, kwenye mzigo wa vipando juu ya pikipiki au basi. Kutoka hapo ugonjwa umeingia Rwanda, Burundi na Kongo.

Nirudie kilichofanyika. Amani ilichagua dhidi ya magonjwa mawili. Ibadan ilichagua dhidi ya moja, na kwa Ibadan hilo halikuwa kosa. Sisi tukapokea jibu la swali la Ibadan tukalipanda kwenye shamba lenye maswali mawili.

Molekuli zilisaidia hapa kuliko popote. Mwaka 2009 Deusdedith Mbanzibwa, Mtanzania, na wenzake walichapisha mpangilio wa vinasaba vya kirusi cha michirizi: uzi wa RNA, ndugu wa DNA, wa herufi kama 9,000. Ndani yake waliikuta jeni iitwayo HAM1, ambayo haikutarajiwa kabisa kwa virusi vya aina hiyo. Ikajulikana pia kwamba tunachokiita michirizi ya kahawia husababishwa na virusi viwili, si kimoja. Bila kujua hilo, kipimo chako cha PCR, kile kinachotafuta vinasaba vya kirusi kwenye jani, kinaweza kukuambia shamba ni safi huku kirusi cha pili kinacheka pembeni. Mbegu ngapi zimesambazwa kwa cheti cha namna hiyo, sitaki kukisia.

Na kuna zawadi moja ambayo wanamolekuli waliwapa wakulima bila kutarajia. Pwani ya Kenya kuna muhogo unaoitwa Kaleso, na kusini mwa Tanzania kuna uitwao Namikonga. Wote wawili wana kinga nzuri dhidi ya michirizi. Vilipopimwa vinasaba, vikaonekana ni mmea uleule, na ni chotara wa Amani namba 46106/27. Kituo kilifungwa, wazungu wakaondoka, mafaili yakapigwa vumbi, lakini kina mama wa pwani waliendelea kukata vipando vyake na kuwapa majirani kwa sababu mizizi yake haiozi. Leo Namikonga ni mmoja wa wazazi wanaotumiwa kutafuta kinga ya michirizi. Kwa bahati mbaya kwa batobato hauna nguvu hiyo, kwa hiyo tumerudi palepale pa Nichols: namna ya kuziweka kinga mbili ndani ya shina moja, na mzizi ubaki mtamu.

Najua kuna watu humu wanasubiri niseme kuhusu mimea iliyobadilishwa jeni na kuhariri jeni. Njia hizo zinafaa kujaribiwa, na wenzetu Uganda na Kenya wameshapiga hatua na muhogo unaokinzana na michirizi. Ninachodai ni kwamba mmea wowote mtakaoutengeneza, mnyonge au mfalme, upelekwe kwenye shamba lenye batobato, michirizi na inzi kwa pamoja, ukae misimu kadhaa, ukaguliwe na mtu anayeujua muhogo. Chumba cha kioo chenye kirusi kimoja hakitoshi.

Namalizia na swali, maana nyinyi ndio mnaotafuta mada za tasnifu. Zipo aina za muhogo, Nanchinyaya ya kusini ni mojawapo, ambazo majani yake yanaonyesha michirizi waziwazi, ukipima kirusi kimo, lakini ukivuna mizizi mara nyingi inakuwa mizima. Nyingine ni kinyume: juu kunapendeza, chini kumeoza. Kirusi ni kilekile. Kinakwamia wapi kwenye njia ya kutoka jani hadi mzizi, na nini kinakizuia? Mnahitaji mashine ya PCR, ndiyo, lakini mnahitaji pia kisu, shamba, vipando vilivyobandikwa mgonjwa kwa mzima, na subira ya mwaka mzima kabla ya kuchimba. Vipando vya Namikonga na vya Nanchinyaya tunavyo kituoni. Anayelitaka swali hilo anione baada ya chai, aje na daftari.

Asanteni sana.